Ajenda ya Choo cha Soko

Wananchi wengi huijua serikali ya mtaa wao kwa kitu kimoja: muhuri. Mtu anataka kufungua akaunti, benki inamwelekeza kwa mtendaji. Kijana kakamatwa usiku na pikipiki isiyo na taa, kaka yake anafika alfajiri kutafuta barua ya kumdhamini. Mjane anafuatilia mirathi, ameambiwa alete muhtasari wa kikao cha ukoo pamoja na barua ya mtaa. Mwanafunzi anajaza fomu ya mkopo wa chuo, na kwenye fomu kuna sehemu ya kiongozi wa mtaa. Wanaketi kwenye benchi la nje, wanaitwa mmoja mmoja, wanagongewa, wanashukuru, wanaondoka. Hawarudi mpaka shida nyingine iwalete.

Nilikuwa upande wa pili wa meza hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwanza nikiwa mtendaji wa mtaa, baadaye mtendaji wa kata, katika mji wa njia panda huku Nyanda za Juu Kusini. Malori yaendayo Zambia hulala kwetu, mbao na parachichi hupita kwetu, na mwezi wa saba baridi humfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nimestaafu, lakini watu bado huniita Mama Mtendaji, na vijana bado huniuliza mji unaendeshwaje hasa: nani anaamua taa ya barabarani isimame wapi, kwa nini ghuba la taka limefurika wiki nzima, fedha za soko zinaenda wapi. Jibu langu huanza na daftari la mihtasari ya vikao. Jambo lililoandikwa humo sawasawa hupanda ngazi hadi kwenye bajeti. Lisiloandikwa hubaki maneno ya kijiweni, hata likisemwa kwa uchungu namna gani.

Ngazi zenyewe si nyingi. Mjini, chini kabisa ni mtaa, wenye mwenyekiti na kamati iliyochaguliwa na wakazi. Kwenye kata za pembezoni, ambako mji bado ni mashamba, utakuta vijiji na vitongoji vyake. Juu ya mtaa na kijiji ni kata: diwani huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Juu ya kata ni halmashauri, yenye Baraza la Madiwani linalokutana kwa kawaida kila miezi mitatu, na mkurugenzi anayesimamia watumishi na fedha. Kwetu ni Halmashauri ya Mji, kwa hiyo anayeongoza baraza huitwa mwenyekiti. Meya yuko kwenye manispaa na majiji.

Mambo mawili hapa huwachanganya watu, nami nayasema kila nikipata nafasi. La kwanza ni balozi wa nyumba kumi. Zama za chama kimoja alikuwa sehemu ya utawala, lakini tangu vyama vingi virejee mwaka 1992 yeye ni kiongozi wa chama chake. Mkazi ambaye si mwanachama ana haki ileile ya kuhudumiwa kwenye ofisi ya mtaa, na asiambiwe arudi mpaka apitie kwa balozi. La pili ni kwamba mwenyekiti wa mtaa hana mshahara. Mtendaji ameajiriwa na analipwa, ila mwenyekiti, ambaye ndiye anayegongewa mlango saa saba za usiku watu wakipigana, anategemea posho, na posho hiyo inategemea makusanyo ya halmashauri. Mwezi ambao makusanyo yamelegea, posho huchelewa. Nimefanya kazi na wenyeviti waadilifu waliokaa hivyo miaka mitano bila kuomba hata nauli kwa mwananchi, na nimeona pia palipoanza mazoea ya kudai hela ya wino au hela ya karatasi. Barua ya utambulisho ni haki ya mkazi. Haiuzwi. Ukidaiwa fedha, omba risiti ya serikali, na dai hilo litaishia hapo.

Kuna mtu atauliza kwa nini tuwe na ngazi hizi zote, wakati mkuu wa wilaya yupo na serikali kuu ipo. Nchi yetu ilishajaribu kuishi bila hizi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa na madaraka yakahamishiwa kwa watendaji wa serikali kuu mikoani na wilayani. Miji ikachakaa upesi: mitaro ikaziba, taka zikarundikana, kipindupindu kikaingia. Mamlaka za miji zilirudishwa mwaka 1978, sheria za sasa zikatungwa mwaka 1982, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Kwa hiyo mtu anapoona kikao cha mtaa ni kupoteza muda, ajue kwamba mitaro ilikwisha kuziba kwa kukosa vikao hivyo.

Sasa choo.

Soko letu la mboga na viazi lilikua kutoka meza chache kando ya stendi. Akina mama walianza kupanga bidhaa chini, baadaye wakajenga meza za mabanzi, kisha halmashauri ikaezeka bati na kuanza kukusanya ushuru wa kila siku. Choo hakikujengwa. Katika mkutano wa mtaa uliofanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, muuza viazi mmoja alisimama wakati wa mengineyo.

"Mwenyekiti, sisi wa sokoni tunashinda kutwa bila choo," alisema. "Tunakwenda gesti ya jirani, tunalipa mia tatu kila tukienda. Mwenye mimba aende mara ngapi? Na ushuru tunalipa asubuhi kabla hatujauza hata kisado kimoja."

Mkutano ulimpigia makofi. Baada ya kufunga nilimfuata. "Dada, ulichosema ni kweli tupu," nilimwambia, "lakini jambo la kwenye mengineyo halina uamuzi, litakaa kabatini. Njoo na wenzako kabla kamati ya mtaa haijakaa, liwe ajenda."

Walikuja wakiwa na karatasi zilizochanwa kwenye daftari la shule, kila jina la mfanyabiashara na meza yake, na upande wa pili wameandika kila mmoja hutumia shilingi ngapi kwa wiki kwenye choo cha gesti. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Karatasi zile zilikuwa na nguvu kuliko hotuba yoyote niliyoisikia kwenye vikao, kwa sababu zilimwonyesha mchumi wa halmashauri kwamba choo cha kulipia pale sokoni kitajiendesha.

Hapa ndipo uandishi wa muhtasari unapoamua hatima ya jambo. Katibu mvivu ataandika hivi: wananchi walilalamikia ukosefu wa choo sokoni, mwenyekiti alisema suala hilo litafanyiwa kazi. Sentensi hiyo haina mtu, haina tarehe na haina ombi. Ikifika kwenye kata haina pa kushikwa. Sisi tuliandika kwamba mkutano umeazimia kuiomba halmashauri ijenge choo chenye matundu ya wanawake na wanaume pamoja na la watu wenye ulemavu, upande wa mashariki wa soko ambako ardhi inateremka mbali na kisima. Tuliandika kwamba wafanyabiashara watasafisha eneo na kuchimba shimo kwa nguvu zao, kwamba mtendaji atawasilisha azimio kwenye kata kabla ya kikao kijacho, na kwamba mwenyekiti wa soko atafuatilia. Orodha ya waliohudhuria ikaambatishwa na saini zao, akidi ikaonekana. Muhtasari wa namna hiyo ukiletwa mezani, anayetaka kuukataa lazima aandike sababu.

Nawasihi vijana wanaopata kazi ya utendaji waichukulie kazi hii ya kalamu kwa uzito wake. Na wananchi wasikubali muhtasari wa kikao kilichopita upitishwe kwa kelele za "tumeupokea" kabla haujasomwa. Pale mwanzoni, kabla ya ajenda mpya, kuna kipengele kinachoitwa yatokanayo. Ndipo unapoweza kuuliza lile tuliloazimia limefikia wapi, na jibu lazima liandikwe.

Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata choo chetu kilikutana na wenzake. Mtaa mmoja ulitaka kalavati kwenye kijito ambacho watoto huvuka kwenda shule, na masika maji yake hufika kiunoni mwa mtoto wa darasa la pili. Mwingine ulitaka nyumba ya mganga wa zahanati. Mwingine ulitaka umeme ufike kwenye mashine za kusaga. Kila mwenyekiti aliongea kwa niaba ya watu wake, na sauti zilipanda. Diwani aliwaacha waseme mpaka wakamaliza, kisha akataka yapangwe kwa uzito. Kalavati likawa la kwanza, choo cha pili. Niliona ni haki, na mama wa viazi, aliyekuja kusikiliza akiwa amesimama mlangoni, naye alisema mtoto kwanza.

Kutoka kwenye kata jambo huenda kwa wataalamu wa halmashauri, kisha kamati za kudumu za madiwani. Kwenye miji, Kamati ya Mipango Miji na Mazingira huangalia eneo na ramani, na Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo hukaa kila mwezi, huangalia uwezo wa kulipa. Mwisho ni baraza zima. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yake hujadiliwa na madiwani mapema sana, kwa kawaida Januari na Februari, ili ipite mkoani, wizara yenye dhamana ya tawala za mikoa na serikali za mitaa (TAMISEMI) na Hazina, na hatimaye bungeni. Maana yake ni kwamba mtaa unaoibua hoja mwezi wa nne umechelewa mwaka mzima. Watu wengi wenye haki wameshindwa kwa sababu hiyo tu, hawakuijua kalenda.

Choo hakikupita mwaka wa kwanza. Ukomo wa bajeti ulikuja mdogo, na fedha zilizokuwepo zikaelekezwa kwenye maboma. Anayeishi kwenye miji yetu anayajua maboma: wananchi hujichanga matofali na mchanga, wanajenga ukuta wa darasa mpaka kwenye lenta, kisha wanasubiri halmashauri ipaue. Boma likikaa misimu miwili ya mvua bila bati, ukuta huanza kuoza na mioyo ya watu huvunjika pamoja nao. Kwa hiyo sikulalamika. Lakini kwenye kila kikao cha kata kilichofuata, choo kilisomwa kwenye yatokanayo: utekelezaji, bado. Robo baada ya robo.

Katikati ya kungoja huko lilitokea jambo lililobadilisha fikra za watu wetu. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ilipeleka fedha za mkopo wa UVIKO-19 kwenye ujenzi, na nchi nzima vikajengwa vyumba vya madarasa 15,000 kwa muda mfupi, kila chumba kikitengewa shilingi milioni 20. Fedha ziliingia kwenye akaunti za shule zenyewe. Hakukuwa na mkandarasi mkubwa. Ulikuwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule au kituo hununua vifaa na kumlipa fundi wa hapohapo, huku kamati za wananchi zikisimamia: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Wauza mboga, mafundi seremala na walimu wastaafu wakajikuta wanasaini hati za kupokea nondo na saruji. Walipoona madarasa yamesimama na hesabu zimebandikwa ukutani, waliacha kuiona halmashauri kama jengo la watu wengine.

Bajeti iliyofuata choo kilipita, kwa mapato ya ndani ya halmashauri. Hapa lazima nieleze mapato ya ndani ni nini, maana ndiyo fedha ambayo mwananchi anaweza kuiona ikitoka mfukoni mwake na kurudi. Sehemu kubwa ya fedha za halmashauri kama yetu ni ruzuku kutoka serikali kuu: mishahara ya walimu na wauguzi, fedha za elimu bila ada, miradi mikubwa. Mapato ya ndani ni yale tunayokusanya wenyewe. Kuna ushuru wa soko na stendi. Kuna leseni za biashara, na ushuru wa huduma unaotozwa wafanyabiashara kwa kiwango cha mauzo yao. Kuna ushuru wa nyumba za wageni. Na kwetu kuna kubwa kuliko yote, ushuru wa mazao na mazao ya misitu kwenye mageti.

Ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Mkulima asikubali kukatwa yeye. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na ikaamuliwa kwamba asafirishaye mzigo usiofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Bibi anayepeleka magunia mawili ya mahindi kwa binti yake mkoa wa jirani hana deni pale getini. Kuhusu kodi ya majengo watu huniuliza sana, kwa kuwa inakatwa wanaponunua umeme wa LUKU. Ukusanyaji wa njia hiyo ulianza mwaka 2021, na fedha hazipiti mikononi mwa mtendaji.

Pale getini ndipo choo chetu kingeweza kufia. Lori la parachichi likipita usiku bila risiti, fedha ya matofali imepita nalo. Mkusanya mapato anatakiwa kutumia mashine, kutoa risiti ya mashine, na kupeleka fedha benki bila kukawia. Akizitumia kabla hazijafika benki, hata kwa jambo la ofisi, wakaguzi huita hilo kutumia fedha mbichi, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huliandika kosa hilo karibu kila mwaka mahali fulani nchini. Nimewaambia wafanyabiashara wetu kwamba risiti ya ushuru wa meza si karatasi ya kufungia karanga. Ukilipa bila risiti, huwezi kusimama kikaoni kuuliza fedha yako imejenga nini.

Ujenzi ulianza baada ya mvua. Mhandisi alikuja na mchanganuo wa gharama, afisa afya akapima umbali wa shimo na kisima na kutaka lisogezwe zaidi, wanaume wa sokoni wakachimba zamu kwa zamu. Mama wa viazi aliwekwa kwenye kamati ya mapokezi. Siku moja liliingia lori la kokoto zilizochanganyika na udongo. Msambazaji alikuwa na haraka, akataka asainiwe aende. Yule mama alipanda juu ya lori kwa khanga yake, akachota kwa mikono, akashuka na kusema hasaini. Fundi akajaribu kumwambia zitachekechwa. Akajibu kwamba fedha ya kuchekecha haimo kwenye mchanganuo. Lori liligeuza. Ziliporudi nyingine siku ya tatu zilikuwa safi, na hakuna mtu aliyejaribu tena kumharakisha.

Robo hiyo, kwenye kusoma mapato na matumizi, nilibandika hesabu za choo kwenye mbao za matangazo sokoni na ofisini. Taratibu zetu zinataka viongozi wa kijiji na mtaa wawasomee wananchi mapato na matumizi kila miezi mitatu. Mahali pengi husomwa haraka haraka, tarakimu zikifuatana mpaka watu wanasinzia. Msikilizaji aulize mambo matatu tu: ni kiasi gani kiliidhinishwa, ni kiasi gani kilipokelewa, ni kiasi gani kimetumika na kwa stakabadhi zipi. Msomaji mwaminifu atafurahi kuulizwa. Nilifurahi kila mara, kwa sababu swali zuri la mwananchi humlinda mtendaji pia, hasa pale anaposhinikizwa na mkubwa kulipa kitu kisicho na kibali.

Si kila kazi ya ofisi ile ilikuwa ya kushangilia. Nzito kuliko zote kwangu ilikuwa mikutano ya kutambua kaya maskini kwa ajili ya TASAF. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza mwaka 2012, na utaratibu wake unaitaka jamii yenyewe ikae na kutaja kaya zenye hali duni kupita nyingine. Nia ni njema, kwa kuwa mtaa unawajua watu wake. Lakini fikiria mzee aliyekuwa na ng'ombe na heshima, leo jina lake linatajwa mbele ya wajukuu wa majirani, na mtu anasimama kusema hastahili kwa kuwa ana bati. Nilijifunza kupita kwanza nyumba hadi nyumba na mwenyekiti, nikaongea na wazee faraghani, ndipo mkutano ukae. Mambo kama haya hayamo kwenye mwongozo wowote na hayawezi kuamuliwa kutoka Dodoma. Ndiyo sababu naamini serikali lazima iwe na mtu anayekaa karibu na mlango wa mwananchi na kuijua salamu yake. Kwetu hatuanzi na hoja, tunaanza na salamu, "kamwene", na mtu akiitikia kwa unyonge unajua kuna jambo.

Zipo pia siku njema. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima ilifanya operesheni ya anwani za makazi. Kila nyumba ikapewa namba na kila njia jina. Majina yalijadiliwa kwenye vikao vya mitaa, na sijapata kuona mahudhurio kama yale. Wengine walitaka majina ya viongozi wa kitaifa. Wazee walitaka majina ya vijito na miti iliyokuwepo kabla ya stendi. Mabishano yalikuwa makali, yenye adabu, na vijana ambao hawakuwahi kufika kikaoni walikuja kutetea jina la njia wanayoegesha bodaboda. Nilitamani kila ajenda ipate watu wale.

Mahudhurio ndiyo donda letu. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi, wafanyabiashara wako kwenye meza zao, bodaboda wako barabarani, wanawake wako mashambani. Wanaobaki ni wachache, akidi haitimii, kikao kinaahirishwa, na mambo huamuliwa baadaye na watu watano. Tulipohamishia baadhi ya mikutano ndani ya soko lenyewe, jioni baada ya kufunga meza, watu walijaa. Lipo pia suala la kura. Uchaguzi wa viongozi wa mitaa, vijiji na vitongoji hufanyika kila miaka mitano, wa mwisho ukiwa wa tarehe 27 Novemba 2024, na una orodha yake ya wapiga kura inayoandikishwa mtaani. Daftari la kudumu, lile la kadi ya kumchagulia rais, mbunge na diwani, ni jingine. Wengi walikuja siku ya kura na kadi mkononi, wakakuta majina yao hayamo kwa kuwa hawakujiandikisha mwezi wa kumi.

Choo kilipomalizika likaja swali la nani akiendeshe. Akina mama wa sokoni waliunda kikundi, wakasajiliwa, wakaomba kazi hiyo kwa halmashauri na kuipata kwa mkataba. Walipanga kuchukua mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao sheria imeutenga asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ili wanunue tangi la maji na vifaa vya usafi. Lakini Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima ili utaratibu wake urekebishwe. Hawakukaa kungoja. Walinunua tangi kwa fedha za vikoba vyao, na mikopo iliporejeshwa mwaka 2024 wakaomba ya kuongeza bafu kwa ajili ya wapakiaji mizigo.

Bei iliwekwa na mkutano: shilingi mia mbili, watoto na wajawazito bure. Kila jioni mhazini huandika makusanyo kwenye daftari, na mwisho wa mwezi sehemu ya halmashauri hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo.

Siku hizi nahudhuria kama mkazi, nakaa na wenzangu kwenye magunia. Kikao kilichopita ajenda ya tatu ilikuwa bili ya maji. Choo kinatumia mita moja na soko zima, na kikundi kinalalamika kwamba kinalipia hata maji ya kuoshea karoti. Mtendaji mpya, binti mwenye mwandiko mzuri, aliandika azimio nikiwa nimekaa nyuma yake: mita ya choo itenganishwe kabla ya masika, gharama zigawanywe nusu kwa nusu kati ya kikundi na mfuko wa soko, mfuatiliaji ni mhazini wa kikundi. Aliwasomea, wakasahihisha neno moja, wakasaini. Fundi wa mamlaka ya maji amealikwa kwenye kikao kijacho, saa kumi jioni, upande wa wauza viazi.